Cessna 150

Cessna 150 ni ndege ndogo ya pangaboi moja na viti viwili vilivyo ubavu kwa ubavu, iliyoundwa na kampuni ya Cessna ya Marekani kwa raia wanaojifunza urubani. Iliruka mara ya kwanza Septemba 1957, na hadi 1977, ilipompisha mdogo wake Cessna 152, zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 23,000. Mabawa yake yako juu ya vichwa vya wanaoirusha, mafuta hushuka humo hadi kwenye injini kwa uzito wake bila pampu, na gurudumu la mbele humsamehe mwanafunzi makosa ya kutua ambayo ndege za gurudumu la mkia hazikuyavumilia. Injini yake ya Continental ina nguvu farasi 100 tu. Wengi huidharau kwa hilo, lakini kwa anayejifunza kuruka miguuni mwa Kilimanjaro, uchache huo wa nguvu ndio mwalimu mwenyewe.

Uwanja wa ndege wa Moshi uko karibu mita 850 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kahe, kusini-mashariki yake, uko chini kidogo tu na una joto zaidi. Joto likifika nyuzi 30, hewa hutanuka na kuwa nyepesi, hata ndege inayoondoka Moshi mchana huruka kana kwamba uwanja uko mita 1,600. Injini hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu, pangaboi hukosa hewa ya kushika, na bawa nalo vivyo hivyo. Ndege ambayo pwani hupanda karibu mita 200 kwa dakika, hapa hupanda kama 130. Mwanafunzi huliona jambo hilo waziwazi: njia ya kurukia inaliwa, miti inasogea, na magurudumu bado yako chini. Injini ya nguvu farasi 180 ingemfichia somo hilo hadi siku atakapobeba abiria. Kibo nacho, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, ndege hii haikifikii kabisa. Rubani wake hujifunza mapema kuuzunguka mlima na kuuheshimu upepo unaoporomoka upande wa pili wake.

Wapo wanaosema ndege mpya zenye skrini humwandaa kijana vizuri zaidi kwa ajira. Skrini ni lazima azijue, ila hizo hufundishika hata ardhini, kwenye mashine ya kuigiza urukaji. Kusoma ardhi kwa macho hakufundishiki hivyo. Chukua Kahe: ndipo reli ya Tanga inapokutana na tawi la Taveta lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwenye ramani, dira na saa akiiona njia panda hiyo ya chuma hana haja ya kuuliza yuko wapi. Wengine hulalamikia uzito, na hawakosei: ndege hairuhusiwi kuzidi kilo 726, na tangi likijaa, watu wazima wawili wenye maungo makubwa huuvuka mpaka huo. Basi mwanafunzi hupiga hesabu kwa kalamu kabla ya kila safari, hupunguza mafuta au hungoja ubaridi wa asubuhi. Kuna rubani asiyehitaji mazoea hayo?

Umri ni hoja nzito zaidi. Hata iliyo changa kabisa inakaribia miaka 50, na alumini huchoka, huliwa na kutu yake. Ndiyo maana ndege ya kufundishia hufunguliwa na kukaguliwa kila saa 100 za kuruka. Ikipita ukaguzi huo kwa haki, miaka pekee si sababu ya kuitupa. Hoja nisiyoweza kuipangua ni ya mafuta. Kabla ya kuruka, mwanafunzi hukinga petroli kidogo chini ya bawa katika kikombe kiangavu na kuiinua kwenye mwanga: ya buluu ni salama, na maji yakiwamo hulala chini kama shanga isiyo na rangi. Petroli hiyo ya buluu ina risasi, ni sumu kwa anayeivuta kila siku, na bei yake huwafungia mlango vijana wengi wenye uwezo wa kuruka.