Asili na Makusudi ya Vyama vya Lelemama

Wanaoandika tarehe ya miji ya pwani wamezoea kuitaja lelemama katika sura ya michezo, pamoja na gungu, vugo na beni, kisha wakaendelea na mambo wanayoyaona makubwa, yaani biashara na utawala. Si kosa kusema kwamba lelemama ilikuwa ngoma. Walakini msomaji akiishia hapo atashindwa kuelewa jambo moja lililotokea Dar es Salaam mwaka 1955: jinsi wanawake wapatao 5,000, wengi wao wasiojua kusoma wala kuandika, walivyoingia katika chama cha siasa kwa muda wa miezi mitatu hivi, ilhali kabla ya hapo chama hicho kilikuwa karibu cha wanaume watupu. Ngoma peke yake haina nguvu ya kufanya hivyo. Nyuma ya ngoma palikuwa na chama, na hicho chama ndicho nitakachojaribu kukieleza hapa.

Kwanza yafaa tueleze ngoma yenyewe, maana wapo wanafunzi wa siku hizi ambao hawakupata kuiona. Lelemama ni ngoma ya wanawake, na uzuri wake ni utulivu. Wachezaji hujipanga safu moja, wamevaa sare, na mwili hauruki wala hautikisiki kwa nguvu. Mikono ndiyo inayocheza, na kichwa kikafuata. Mwimbaji hutoa maneno na wengine wakamjibu. Maneno hayo mara nyingi yalikuwa mafumbo. Aliyekosa adabu mtaani, au aliyesema asilopasa kusema, aliweza kusikia habari yake ikiimbwa mbele ya watu bila jina lake kutajwa, na kila aliyekuwapo akajua ni nani. Mjini Mombasa vyama vya ngoma hiyo vilikuwapo tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, na vilidumu kwa fahari kubwa mpaka kati ya karne ya 20.

Basi mwanamke aliyeingia katika chama aliingia kwenye nini? Aliingia kwenye deni. Nalitumia neno hili kwa makusudi, wala sikusudii deni la fedha tu. Mwenzake akiozesha binti, ilimpasa kwenda kutwanga, kupepeta na kupika, na kutoa mchango wake. Mwenzake akifiwa, ilimpasa kuwapo. Akiugua, ilimpasa kumtazama. Na siku yake ilipofika, wote aliowatendea hayo walimjia wakamlipa kwa kazi ile ile. Kila mmoja alikuwa mdai na mdaiwa kwa wakati mmoja, na heshima ya mtu ilipimwa kwa jinsi anavyolipa.

Katika mambo haya mazishi ndiyo yaliyokuwa mzizi. Maziko ya Kiislamu hayangoji. Mtu akifa alfajiri, hupendeza azikwe siku ile ile. Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, sanda hutakiwa papo hapo, na wageni wa matanga huanza kuingia kabla jua halijapinda. Hapana wakati wa kwenda kukopa wala wa kutafuta jamaa walio mbali. Mwenye ukoo mkubwa mjini hakuwa na hofu, maana ukoo ulikuwa chama chake cha kuzaliwa nacho. Asiye na ukoo alikuwa na sababu ya kuogopa kifo mara mbili, kwanza kufa, kisha kufa pasipo watu. Msemo wetu kwamba fulani na fulani ni watu wa kufa na kuzikana hauhitaji maelezo zaidi.

Hapo ndipo habari ya utumwa inapoingia. Katika pwani ya Kenya sheria ilikomesha utumwa mwaka 1907, Unguja ilikuwa imetangulia mwaka 1897, na Tanganyika ikafuata mwaka 1922. Sheria hizo zilimwambia mtumwa kuwa yu huru. Hazikumwambia ni nani atakayemzika. Zamani, mjakazi aliyekufa alikuwa wa nyumba ya bwana wake, hata kama ni kwa unyonge. Baada ya uhuru, fungo lile lililegea kabla hajapata lingine. Vyama vya lelemama vya Mombasa vilipokea wanawake waungwana na wanawake wa vizazi vya watumwa katika safu moja na sare moja. Margaret Strobel, aliyechunguza jambo hili katika kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, kilichotolewa mwaka 1979, aliona kwamba vyama hivi vilikuwa mojawapo ya njia zilizowaingiza waliotoka utumwani katika jamii ya Waswahili. Nakubaliana naye, ila ningeongeza neno moja. Safu ile haikufuta nasaba. Mwanamke wa Thenashara Taifa hakusahau kuwa yeye ni wa Thenashara Taifa, wala mwenzake hakusahau alikotoka bibi yake. Lakini siku ya matanga wote wawili walishika mwiko, na asiyeshika alisutwa bila kuulizwa nasaba.

Chama kilikuwa na vyeo, na cheo kilinunuliwa. Aliyetaka kupanda alitoa mali akawalisha washirika, na kadiri cheo kilivyokuwa kikubwa ndivyo karamu ilivyozidi. Wapo wanaocheka habari hii wakisema ni upuuzi wa kuiga fahari ya watawala. Katika majina ya vyeo, kuiga kulikuwapo, kama ilivyokuwa katika beni ya wanaume iliyofuata taratibu za majeshi ya kizungu. Lakini tutazame mali ilikwenda wapi. Ilikwenda tumboni mwa washirika. Mwanamke aliyejaliwa akapata fedha, iwe kwa mume, kwa urithi au kwa biashara yake ya kuuza vyakula, hakuweza kupata ukubwa bila kwanza kuzigawa. Tena cheo hiki kilikuwa wazi kwa asiye na nasaba, ambaye mlango wa ukubwa mwingine wote mjini ulikuwa umefungwa mbele yake.

Haifai, hata hivyo, tuvipambe vyama hivi kupita kiasi. Vilikwenda kwa ushindani, na ushindani una sumu yake. Mombasa na Lamu wanaume wa beni waligawanyika Kingi na Scotchi. Wanawake nao walikuwa na jozi zao, na mashindano ya Ibinaal Watan na Banu Saada ya Mombasa ndiyo yaliyosifika sana. Upande huu ukitoa sare mpya, upande ule sharti utoe iliyo bora. Hawa wakichinja mbuzi, wale watachinja ng'ombe. Fedha iliyochangwa ili kumzika maskini iliweza kuishia katika kumwaibisha jirani. Mashairi ya vijembe yaliwatenga watu waliokuwa wakiazimana chumvi. Na waume walinung'unika, wengine kwa haki.

Wanavyuoni nao walikuwa na lao la kusema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alikemea israfu katika ada za watu wake na kuhimiza elimu, ya wasichana pia. Maneno ya aina hiyo yalifanya kazi polepole. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940, binti aliyepelekwa shule alianza kuona haya kusimama katika safu ya lelemama, na mama yake akaona haya kumlazimisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vikatokea Mombasa vyama vya namna mpya, Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, vyenye mikutano, masomo na misaada ya hisani. Jambo la kuchekesha kidogo, au la kufunza, ni kwamba navyo vilikuwa viwili, navyo vikashindana. Wenye kuvijua walitambua mara moja mwendo ule wa zamani katika nguo mpya.

Yafaa pia kuvitenga vyama hivi na vile vilivyoanzishwa kutoka juu. Maendeleo ya Wanawake, kilichoanza Kenya mwaka 1952, kilianzishwa na wanawake wa kizungu chini ya idara ya serikali, ili kuwafundisha wanawake wa Kiafrika ushoni, usafi na malezi. Sikidharau, baadaye kilipata viongozi wake wenyewe wa Kiafrika. Lakini kilianza kwa dhana ya kwamba wanawake hawana chama mpaka wapewe. Katika miji ya pwani dhana hiyo haikuwa kweli.

Sasa twende kusini, Dar es Salaam. Huko vikundi vya ngoma vya wanawake vilikuwa vingi, vya lelemama na vya ngoma nyingine, na majina yao yanafurahisha: Egyptian, Roho Mgeni, hata British Empire. Mwanamke aliyeitwa Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926 na kupata elimu ndogo ya shule, alikuwa mwimbaji wa kikundi kiitwacho Bomba. TANU ilikuwa imeundwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, alizuru Tanganyika, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Viongozi walitahayari. Wakatafutwa wanawake, akapatikana Bibi Titi, na pamoja naye Tatu binti Mzee.

Bibi Titi alipomsimulia Susan Geiger mambo hayo miaka mingi baadaye, hakusema kwamba alikwenda nyumba kwa nyumba akihubiri. Alikwenda kwa wakubwa wa vikundi vya ngoma. Hapo pana akili kubwa. Mkubwa wa kikundi akikubali, wanachama wake humfuata, maana wamezoea kuitwa naye na kuitika. Wanajua kuchanga, wanajua kuvaa sare, wanajua kupeleka habari kutoka ua hadi ua kabla ya adhuhuri. Tarehe 8 Julai 1955 walikutana wanawake kama 400 katika ukumbi wa Arnautoglo. Kufikia Oktoba walioandikishwa walikuwa 5,000 hivi.

Kuna sababu nyingine iliyosaidia, nayo haitajwi vya kutosha. Waraka wa serikali Na. 5 wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Karani na mwalimu waliojua kusoma waliogopa kupoteza mshahara. Mama muuza vitumbua hakuwa na mshahara wa kupoteza. Tena kwa muda mrefu utawala uliziona ngoma za wanawake kuwa kelele za mtaani zinazohitaji kibali tu, wala haukufikiri kwamba mle ndani mna daftari la michango, uongozi na utii. Kudharauliwa kuliwapa nafasi.

Yaliyofuata Uhuru wa mwaka 1961 ni habari yenye pande mbili. Mwaka 1962 ulianzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Kwa mara ya kwanza wanawake walikuwa na chama cha nchi nzima chenye sauti serikalini. Faida hiyo si ndogo. Lakini utaratibu ukageuka. Zamani mkubwa wa kikundi alipata ukubwa kwa kuwalisha washirika. Sasa kiongozi alipata nafasi yake ndani ya chama kilichoshikamana na chama tawala, na maagizo yakashuka kutoka makao makuu. Bibi Titi mwenyewe alishindwa katika uchaguzi wa bunge mwaka 1965, akajiuzulu uongozi mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, akashtakiwa kwa uhaini mwaka 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha na kuachiliwa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000. Barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake.

Wengine husema ngoma zile zilikufa kwa sababu kazi yake ilikwisha. Mimi sioni hivyo. Sare, nyimbo na kuitikia vilihamia uwanja wa kupokea viongozi. Deni la kuzikana likabaki mtaani, katika vikundi vidogo vya upatu na vya kufiwa ambavyo hadi leo havikosekani katika miji yetu. Vilivyokuwa kitu kimoja vikagawanyika viwili, na kile chenye kelele ndicho kilichoingia katika vitabu.

Kwa hiyo kazi bado iko. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikusanya maisha ya wazee watatu wa Mombasa kwa maneno yao wenyewe, na tangu mwaka 1991 tunayo kwa Kiswahili katika Wanawake Watatu wa Kiswahili. Ni kitabu cha kuigwa, maana kinawaacha wenyewe waseme. Mwanafunzi atakayekwenda Lamu, Tanga, Bagamoyo au Kilwa kutafuta habari za namna hii asiridhike kuandika maneno ya nyimbo, ingawa nyimbo ni tamu na wazee hupenda kuanza nazo. Amwache bibi amalize kuimba, kisha amwulize: katika chama chenu, daftari la michango lilishikwa na nani? Fulani alipokufa, ni nani aliyenunua sanda, ni nani aliyepika, na ni nani aliyekosa kuja mkamwimba?