Radhi Yenye Masharti: Methali ya Waingereza Mbele ya Gacaca

Waingereza wana methali ya kale, iliyomo katika mkusanyiko wa John Clarke wa mwaka 1639, isemayo kwamba maneno mazuri hayapaki siagi kwenye parsnip. Parsnip ni mzizi mweupe wa jamii ya karoti. Kabla viazi havijaenea nchini humo, ulikuwa chakula cha kushibisha, na bila mafuta hauliki kwa raha. Ujumbe wa methali ni kwamba adabu ya ulimi haimlishi mtu. Waswahili husema maneno matupu hayavunji mfupa, na papo hapo husema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, wala hawaoni tabu kuwa nazo zote mbili.

Hoja yangu ni kwamba methali ya Kiingereza imekosea mahali pamoja. Inaliweka neno la adabu upande huu na tendo upande ule. Historia ya karibuni ya Rwanda, na hasa ya Kigali, inaonyesha kwamba kuomba radhi kwenyewe ni tendo, ila lina masharti, na sharti zito kuliko yote si mali. Ni habari.

Tuanze na sheria. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, magereza yalifurika watuhumiwa ambao mahakama za kawaida zisingewamaliza kwa miongo mingi. Ndipo zikaundwa mahakama za gacaca, zilizoketi mtaani na vijijini chini ya waamuzi waliochaguliwa na wakazi, inyangamugayo, hadi zilipofungwa rasmi Juni 2012. Sheria ya 2004 ilimtaka mkosaji akiri, ajute na aombe radhi hadharani, kwa manusura waliokuwa hai na kwa jamii nzima ya Wanyarwanda. Lakini radhi tupu haikupokelewa. Ilibidi aeleze alichofanya, wapi na lini, awataje aliowaua na alioshirikiana nao, na aseme miili ilitupwa wapi. Muuaji wa kundi la pili, lililo chini ya lile la wapangaji na viongozi wa mauaji, aliyekataa kukiri aliweza kufungwa miaka 25 hadi 30. Aliyekiri kabla jina lake halijaingia katika orodha ya watuhumiwa alipata 7 hadi 12, nusu yake akiitumikia kwa kazi za jamii.

Wapo waliosema huu ulikuwa mnada wa majuto: mtu alijifunza sentensi za toba gerezani, akaja kuzitamka ili apunguziwe miaka. Shutuma hiyo ina ukweli, na manusura wengi waliitoa kwa uchungu. Hata hivyo sidhani kama inabomoa mantiki ya sheria. Hakuna mahakama yenye mizani ya moyo. Inachoweza kupima ni kama shimo lililotajwa lipo kweli pale lilipotajwa.

Hapa nadharia mashuhuri ya adabu ya lugha, ile ya Penelope Brown na Stephen Levinson, inahitaji kuongezewa kitu. Kwao, adabu ni ufundi wa kulinda hadhi: msemaji humkinga msikilizaji na yeye mwenyewe wasiaibike. Gacaca ilidai kinyume chake. Muungamaji alisimama mbele ya majirani waliomjua tangu utotoni, akajivua hadhi yake jina kwa jina, karani akiandika. Kadiri maelezo yalivyomwaibisha, ndivyo radhi yake ilivyokaribia kuwa radhi.

Kabuga, pembezoni mwa Kigali katika wilaya ya Gasabo, inatuonyesha upande wa pili. Mwaka 2018, miaka sita baada ya gacaca kufungwa, yaligunduliwa pale makaburi ya halaiki, mengine chini ya nyumba zinazokaliwa. Nyumba zilibomolewa, sakafu zikachimbwa, na kazi ikaendelea kwa muda wa mwaka mzima. Mei 2019 mabaki ya watu 84,437, yaliyotolewa katika mashimo 143, yalizikwa kwa heshima katika eneo la kumbukumbu la Nyanza, Kicukiro. Ibuka, muungano wa mashirika ya manusura, ulilalamika kwamba wapo wakazi waliojua na kunyamaza. Kwa miaka 24 watu wa mitaa ile waliamkiana asubuhi, wakaulizana habari za nyumbani, wakapeana pole na hongera. Adabu haikukosekana. Kilichozuiwa ni ile habari moja, na salamu njema zilisaidia kuifunika.

Kuhusu mali, mzizi wa Mwingereza unastahili haki yake. Zaidi ya kesi milioni 1.3 za gacaca zilihusu uporaji na uharibifu wa mali, na malipo yaliyoamriwa hayakutekelezwa yote. Mwenye ng'ombe walioporwa hakuhitaji kuambiwa samahani mara ya pili. Lakini hukumu ya mali inabaki kwenye karatasi, na inaweza kudaiwa hata kwa urithi wa mdaiwa. Mahali pa shimo hapajaandikwa popote. Waliopewa adhabu ndefu sasa wanatoka magerezani, wengi wao wakiwa wazee, na mafunzo wanayopewa kabla ya kurudi mitaani yatakuwa na kasoro kubwa yakiwafundisha namna ya kuomba msamaha bila kuwauliza, kwa majina ya vilima, ni nani bado hajapatikana.