Mkate wa asubuhi, mvinyo wa jioni: Siri ya maduka ya jamii Uingereza

DUKA la kijijini si rafu na bidhaa tu. Hapo ndipo habari husikika, mgonjwa huulizwa hali na mzee aishiye peke yake hupata mtu wa kusemezana naye. Duka hilo likifungwa, kinachopotea si chumvi na sabuni pekee.

Hayo yamewakuta wakazi wa vijiji vingi vya Uingereza. Wengi wao walianza kununua vitu kwa gari katika maduka makubwa ya mijini, na wenye maduka madogo wakashindwa kustahimili ushindani. Fauka ya hayo, kati ya 2007 na 2009 takriban vituo 2,500 vya posta vilifungwa nchini humo, vingi vikiwa ndani ya maduka hayo hayo. Aliyeumia zaidi ni asiye na gari.

Badala ya kukaa wakilalamika, wakazi wa mamia ya vijiji waliamua kulimiliki duka wao wenyewe. Na vitu viwili vyaweza kuwa nguzo ya duka kama hilo: mkate uliookwa siku hiyo hiyo, na jioni ya kuonja mvinyo.

Duka la jamii ni nini?

Duka la jamii humilikiwa na wanakijiji kwa njia ya hisa. Aghalabu husajiliwa kama chama cha manufaa ya jamii chini ya sheria ya vyama vya ushirika ya 2014. Kila mwanachama ana kura moja, awe amenunua hisa moja au mia moja. Faida haigawiwi matajiri wachache bali hurudishwa dukani au hutumiwa kwa mahitaji ya kijiji.

Kwa kawaida meneja mmoja huajiriwa kwa mshahara, naye husaidiwa na wakazi wanaojitolea kwa zamu. Mwalimu mstaafu hukaa kwenye kaunta asubuhi, jirani yake hupanga bidhaa adhuhuri. Gharama ya kazi hupungua, na hilo ndilo huliwezesha duka kudumu mahali ambapo mfanyabiashara wa kawaida angepata hasara.

Sheria nayo imewapa wakazi nafasi. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa na Jamii ya 2011, wakazi wa England wanaweza kuiomba halmashauri iliorodheshe duka au baa kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Mwenyewe akitaka kuiuza, wakazi wanaweza kuomba muda ili watafute fedha za kuinunua.

Mizizi ya fikra hii ni mirefu. Tarehe 21 Desemba 1844, wafanyakazi 28 wa mji wa Rochdale, karibu na Manchester, walifungua duka lao katika barabara ya Toad Lane. Walianza na siagi, sukari, unga na mishumaa, wakaahidi kuuza vitu safi visivyochanganywa na uchafu na kutumia vipimo vya haki. Kanuni zao ndizo zilizoenea ulimwenguni kote. Hata vyama vya ushirika vya Kenya, vya kahawa, maziwa na akiba, vimejengwa juu ya msingi huo. Baadaye, mwaka wa 1919, Sir Horace Plunkett, mwasisi wa ushirika nchini Ireland, alianzisha wakfu ambao hadi leo huwashauri wanakijiji wanaotaka kufungua maduka ya aina hii.

Mkate humwita mteja

Duka dogo haliwezi kushindana na duka kubwa kwa bei. Mwenye kununua masanduku elfu hupata nafuu kuliko anunuaye sanduku moja. Kwa hivyo ni lazima duka dogo liwe na kitu ambacho duka kubwa halikipati kwa urahisi.

Mkate ndio jibu la kwanza. Tangu 1961, viwanda vya Uingereza hutumia mbinu iliyobuniwa katika kijiji cha Chorleywood, ambapo unga hukandwa kwa mashine zenye kasi kubwa na mkate huwa tayari kwa muda mfupi mno. Mkate huo ni laini na wa bei ya chini, walakini walaji wengi hulalamika kwamba hauna ladha. Mwokaji mdogo huuacha unga uumuke kwa saa nyingi, wakati mwingine usiku kucha kwa chachu ya asili isiyo hamira ya dukani, na ladha hukomaa.

Waama, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Harufu ya mkate moto humtoa mtu kitandani, na akishafika dukani hununua pia maziwa, mayai na gazeti.

Hata hivyo, mkate una hila yake. Ukishapoa, wanga uliomo huanza kujipanga upya na kuufanya mgumu, na kuuweka ndani ya jokofu huharakisha jambo hilo. Mkate wa leo ni hasara ya kesho. Ndiyo maana maduka mengi huweka daftari la maagizo: mteja husema Jumatano mikate anayoitaka Jumamosi, na mwokaji huoka kwa hesabu.

Mvinyo humkalisha

Mvinyo una tabia iliyo kinyume. Chupa iliyozibwa yaweza kukaa kwenye rafu kwa miezi bila kuharibika, na haihitaji umeme. Shida ni kwamba mteja huogopa kutoa fedha kwa chupa asiyoijua. Kuonja huondoa hofu hiyo.

Kwa kipimo cha mililita 25, chupa moja ya mililita 750 hutosha watu 30. Kwa chupa nne au tano tu, duka laweza kukikirimu kijiji kizima.

Utaratibu wake si mgumu. Mvinyo mweupe usio na sukari hutangulia, kisha mwekundu mwepesi, kisha mwekundu mzito, na mtamu huja mwisho. Ukianza na mtamu, wote unaofuata utaonekana mchungu. Mweupe hunywewa ukiwa baridi, na mwekundu ukiwa wa nyuzijoto 16 hadi 18 hivi. Mwonjaji hutazama rangi, huizungusha bilauri, hunusa, kisha huonja kidogo kidogo. Ndoo huwekwa mezani kwa anayetaka kutema, na kufanya hivyo si utovu wa adabu.

Hapa ndipo mkate hurudi tena. Kipande cha mkate mkavu, usiopakwa siagi wala chumvi, huusafisha ulimi kati ya mvinyo mmoja na mwingine. Asiyekunywa kileo naye hana sababu ya kubaki nyumbani, kwa kuwa mkate, jibini na mazungumzo ni vya wote.

Maduka ya kusini mwa England, hususan Kent, Sussex na Hampshire, yana bahati ya ziada. Huko mizabibu hustawi katika udongo wa chokaa, na mvinyo wenye mapovu unaotengenezwa huko umepata sifa kubwa. Mkulima mwenyewe anaweza kuja kueleza kazi yake.

Sheria na tahadhari

Duka haliwezi kuuza pombe bila leseni ya halmashauri. Sheria ya leseni ya 2003, iliyoanza kutekelezwa kikamilifu Novemba 2005, huzingatia mambo manne: kuzuia uhalifu, usalama wa umma, kuepusha kero kwa majirani na kuwalinda watoto. Ni hatia kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Leseni ya kuuza chupa za kubebwa nyumbani peke yake haitoshi ikiwa duka litauza mvinyo wa kunywewa hapo hapo.

Matabibu nao wana neno. Ushauri rasmi wa Uingereza tangu 2016 ni mtu asizidishe vipimo 14 vya kileo kwa juma, na chupa moja ya mvinyo wa asilimia 12 huwa na vipimo tisa. Aliyekuja kwa gari ni heri ateme, au arudi kwa miguu.

Ni bayana kwamba mkate na mvinyo pekee haviwezi kulinusuru duka ambalo wenyewe wamelitupa. Wakija kuonja Ijumaa kisha wakanunua vyakula vyote mjini Jumamosi, mlango utafungwa tu. Mkate humleta mteja asubuhi na mvinyo humkalisha jioni. Kurudi siku nyingine tano kununua chumvi na sabuni ni juu yake mwenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.