Boriti za Mkoko
Katika miti iliyojenga miji ya mwambao wetu, hapana uliopatana na bahari kama mkoko, ambao wanavyuoni wa mimea huuita Rhizophora mucronata. Kwani husimama juu ya mizizi iliyopinda mfano wa matao, maji ya chumvi yakijaa na kupwa chini yake, na mbegu yake huchipua ingali mtini, kisha ikaanguka matopeni ikiwa mche kamili. Mti wenyewe ni mwekundu, mgumu na mzito, nao maganda yake hudabaghi ngozi.

Al-Istakhri, katika karne ya 10, aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti ya nchi ya Zanji, yaani mwambao wetu huu. Nami sioni mti unaostahili kudhaniwa zaidi ya huu. Karne nyingi baadaye majahazi ya Arabuni yalikuwa yangali yakishuka na kaskazi, yamepakia tende na chumvi, yakarejea na kusi yamesheheni boriti za Rufiji na Lamu, zilizohesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini.

Ajabu ni kwamba mti huu ulimwamuru hata mwashi: kwa kuwa boriti haikuweza kubeba dari zito la mawe na chokaa kwa mapana makubwa, vyumba vya Lamu vikawa virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita 3 aghalabu. Ama biashara ya kuuza boriti hizo ng'ambo, Kenya iliipiga marufuku mwaka 1982.