Chaji ya zamu

Transfoma nyingi za vijijini ni ndogo, za kVA 50 hivi. Chaja moja ya nyumbani ya gari la umeme, ya ampea 32 kwa volti 230, huvuta kilowati 7 na ushei. Zikiwashwa saba kwa pamoja saa mbili usiku, transfoma imekwisha, na hapo hakuna hata nyumba moja iliyowasha taa. Kijijini Myamba leo hakuna foleni ya magari hayo, lakini Dar es Salaam bajaji na pikipiki za umeme hazishangazi mtu tena, na cha Dar hakichelewi kupanda milima ya Upare.

Dawa yake ni chaja inayojua kungoja. Unaichomeka saa moja jioni, unaiambia gari litatoka saa kumi na mbili asubuhi, yenyewe inaanza kuvuta umeme watu wakishalala, kidogo kidogo, ikipishana na za majirani. Kwa kufuata simu janja, jina linalokuja haraka ni “uchaji janja”. Silipendi. Mjanja ni mtu anayewazidi wenzake, na hapa ufundi wote uko katika kuwapisha. Mimi nasema “chaji ya zamu”, na Mpare hahitaji maelezo: ndiva, kibwawa cha umwagiliaji kama kile cha Manoo kule Bangalala, hukusanya maji usiku kucha, asubuhi yakafunguliwa, kila mwenye shamba akamwagilia kwa zamu yake.

Mtu atauliza kama huo si mgao wa umeme tu uliobadilishwa jina. Ni ndugu yake, ila mgao tuliouonja 2006 na 2011 ulikata mtaa mzima, friji na cherehani vyote chali. Chaji ya zamu inagusa betri peke yake, tena betri ambayo mwenyewe amelala. Chaja nyingine hata hazisubiri amri: gridi yetu huenda kwa hezi 50, mzigo ukiuzidi uzalishaji mitambo hupungua kasi na hezi hushuka, na chaja ikiona hivyo inalegeza yenyewe.

Kinachokosekana kwetu ni bei. Kenya mwaka 2023 waliweka bei maalumu ya vyombo vya umeme, shilingi 16 za kwao kwa uniti, na 8 saa za mzigo mdogo. Mteja wetu wa kawaida wa LUKU hulipa sawasawa saa mbili usiku na saa tisa, basi angoje kwa faida gani? Na umeme wa kumpunguzia bei si kwamba haupo: Machi 2024, baada ya Bwawa la Nyerere kuanza kuzalisha, vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji.

Kuna na hatua ya pili, waliyoieleza watafiti Willett Kempton na Steven Letendre mwaka 1997: gari kurudisha umeme gridini. Hii niite “chaji rejeshi”. Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40 imebeba zaidi ya nusu ya uniti 75 ambazo mteja wa D1, yule wa matumizi madogo, hapaswi kuzivuka kwa mwezi. Inahitaji mita inayohesabu pande mbili, na inahitaji magari. Bodaboda wa Myamba mwenye betri ya uniti mbili tatu hana cha kurejesha. Zote atazimaliza kwenye kona za mlima.