Hekalu la Forest Road

Nimepita hapo na matatu miaka yote nikidhani si pa watu kama mimi. Jumamosi nikavua viatu, nikaingia. Hakuna aliyeniuliza natafuta nani.

Hekalu hili la Swaminarayan lilifunguliwa 1999. Mawe yake yalichongwa India, yakaletwa kwa meli. Lakini Wahindi walikuwa hapa kitambo: kati ya 1896 na 1901, vibarua kama 32,000 waliletwa kujenga reli, na karibu 2,500 wakafa. Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kambi ya reli hiyo.

Serikali iliwatambua kama kabila la 44 mwaka wa 2017. Aki, 2017! Babu yangu alifika Nairobi 1958. Sasa niambieni, mgeni hapa ni nani?