Kisu cha Kukunja na Mkono wa Mwenyewe

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, husema wahenga. Lakini methali hiyo haielezi ni nani aliyekinoa. Historia ya zana nayo aghalabu ina upungufu kama huo. Husimulia habari za mhunzi aliyebuni na za kiwanda kilichotengeneza, kisha hufunga daftari siku chombo kilipouzwa. Maisha ya chombo baada ya siku hiyo, ambayo huweza kuwa umri mzima wa mtu, hupita bila ya mwandishi. Kisu cha kukunja cha Savoie, kijulikanacho kwa jina la Opinel, ni mfano mwema wa jambo hili.

Savoie ni nchi ya milima iliyo mashariki ya Ufaransa, nayo iliunganishwa na dola hiyo mwaka 1860. Katika kitongoji cha Gévoudaz, karibu na mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, Daniel Opinel alikuwa mhunzi wa zana za wakulima. Mwanawe Joseph, aliyezaliwa mwaka 1872, alivutwa na mitambo, na mwaka 1890, akiwa kijana wa miaka 18, alitengeneza kisu cha mfukoni cha namna yake. Mwaka 1897 alikwisha kukitoa kwa vipimo 12, kila kimoja na namba yake, tangu kile kidogo chenye chuma cha sentimita 2 mpaka kile kikubwa cha sentimita 12. Mwaka 1909 alichagua alama ya kukitambulisha: mkono uliovikwa taji. Mkono ule ulitoka katika nembo ya Saint-Jean-de-Maurienne, mji ambao kanisa lake kuu linasifika kwa masalia ya vidole vya Yohana Mbatizaji. Taji ilikumbusha enzi ya watawala wa Savoie. Mwaka 1955 Marcel, mwana wa Joseph, alibuni pete izungukayo, ambayo huzuia kisu kisijikunje na kumkata mtumiaji.

Basi mkono uliopigwa chapa katika chuma ni wa mtakatifu. Mkono uliokifanyia kisu kazi kwa miaka mingi zaidi ulikuwa wa mkulima, mchungaji na fundi, nao haukupigwa chapa popote. Hata hivyo umbo lenyewe la kisu liliukaribisha. Mpini ni kipande kimoja cha mbao, cha mviringo, kilichopasuliwa ufa wa kulaza chuma. Hauna mapambo ya kuharibu, wala gundi ya kubanduka. Mwenye kiganja kidogo aliweza kuuchonga ukapungua. Mwenye kutaka jina lake au ua alilikata mwenyewe kwa ncha ya kisu kingine, akalainisha kwa msasa.

Umbo hilo lilikuwa na ila yake. Mbao hunywa maji na kuvimba, ufa ukasongamana, chuma kikakataa kutoka. Watu wa Savoie walikuwa na dawa yao: kugonga kitako cha mpini juu ya kitu kigumu, na chuma hujitokeza kidogo hata vidole vikaweza kukishika. Wengine waliukausha mpini vyema, wakaupaka mafuta ya kitani ili usinywe maji tena, au wakapitisha msasa ndani ya ufa mpaka upanuke kwa unene wa unywele. Kazi hizo zote zilifanywa nyumbani.

Makali yalidai elimu kubwa zaidi. Chuma cha kaboni hupata makali upesi kwenye kinoo, lakini hushika kutu kikiachwa na unyevu. Anayekinoa hukilaza kwa pembe ya digrii 20 hivi, akasugua upande mmoja mpaka utepe mwembamba wa chuma, usioonekana kwa urahisi, uhisiwe na kidole upande wa pili, ndipo hugeuza. Pembe ikiwa nyembamba mno, makali hukata vizuri lakini hupukutika. Ikiwa pana mno, hudumu lakini hukata kwa shida. Mkata mkate na mchonga mti hawahitaji makali ya namna moja. Kila mmoja hurekebisha yake kwa kadiri ya kazi yake, na kiwanda hakiwezi kuwajua wote wawili.

Ncha ikivunjika, mjinga huisugua kutoka upande wa makali. Matokeo ni kwamba kisu kikikunjwa, ncha huchungulia nje ya mpini na kuchoma mfuko na mkono. Mwenye kufahamu huanzia mgongoni, akaushusha mgongo kidogo kidogo mpaka ukutane na makali. Ncha mpya hulala ndani ya ufa kama ile ya kwanza. Wala haraka haifai. Gurudumu la kunolea liendeshwalo kwa nguvu ya mashine huweza kukitia chuma chembamba joto kwa nukta chache, na kikigeuka rangi ya samawati kimekwisha kufikia digrii 300 hivi. Ugumu aliokipa mhunzi umepungua hapo, wala kinoo hakiwezi kuurudisha. Kwa hiyo fundi wa nyumbani hukishika kwa vidole vitupu, na kila kinapopata moto hukichovya majini.

Mwanahistoria anayetafuta habari za watu hawa hatazipata katika hati za usajili wala katika orodha za bei. Azitafute katika visu vyenyewe. Chuma kilichokuwa kipana na sasa kimekonda sawasawa kutoka shina hadi ncha kinashuhudia mkono mtulivu ulionoa kwa miaka mingi. Chenye shimo katikati kinashuhudia aliyenoa mahali palipomfaa leo akasahau kesho. Mpini uliochongwa unaonyesha ukubwa wa kiganja, na doa la samawati linaonyesha siku ya papara. Mtu aliyejua kukirekebisha kisu chake alikimiliki zaidi kuliko aliyelipa bei tu, na elimu yake, ingawa haikuandikwa, ilikuwa elimu. Ikiachwa nje ya vitabu, Joseph Opinel atabaki na sifa yake anayostahili, lakini waliokitia kisu chake makali kila msimu watakuwa kama watu wasiopata kuishi.